Rimoti ya kusogezea mashine ya CNC: ya waya au isiyo na waya?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo hapa Gungu, Kigoma. Kazi zetu ni shafti za boti, puli, na vipuri vya mashine za kukamua mawese. Mwaka huu tumeigeuza milingi yetu ya zamani, mashine ya kukata chuma, kuwa CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta: tumefunga stepa mota tatu, madereva yake, yaani vifaa vinavyoziendesha, tumeyaweka kwenye mapigo 2,000 kwa mzunguko, skrubu ni zilezile za mashine, meno ya milimita 5. Kompyuta ni ya mezani, ya zamani, inaendesha LinuxCNC, programu ya kuongoza mashine, kupitia poti ya paralelo, lile tundu la zamani la printa. Limiti swichi tatu na kitufe cha dharura vimeshakula pini nne za kuingizia.

Kinachonisumbua ni kusogeza meza kwa kibodi. Jicho liko kwenye kioo, kikatio kiko nyuma yangu. Kaka yangu yuko Kariakoo wiki hii, amenitumia picha za rimoti mbili. Moja ina waya wa kujikunja, gurudumu, swichi mbili za kuzungusha na kitufe chekundu. Nyingine haina waya, ina kioo kinachoonyesha namba, na inachomekwa kwenye USB. Ya pili inapendeza zaidi na naona haina kazi ya kuunganisha. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mwambie kaka achukue ya waya. Ila asiondoke Kariakoo bila kununua na kadi ya poti, la sivyo rimoti itakaa kabatini mpaka safari yake nyingine, na wewe uko mwisho wa reli.

Tuhesabu. Poti moja ya paralelo ina pini tano tu za kuingizia, nawe umebakiwa na moja. Rimoti ya waya inataka mbili za gurudumu, tatu za kuchagua mhimili, yaani upande wa kusogea, X, Y au Z, mbili za kizidishi, yaani swichi ya kuchagua ukubwa wa hatua (nafasi ya tatu programu itaijua kwa kuona zile mbili hazina kitu), na moja ya kitufe cha pembeni. Jumla nane. Kwa hiyo unahitaji poti ya pili, na iwe ile ambayo pini za data, namba 2 hadi 9, zinaweza kugeuzwa kuwa za kuingizia. Ikigeuzwa hivyo unapata pini 13, zinatosha na kubaki. Si kila kadi inakubali, kwa hiyo kaka amuulize muuzaji waziwazi kuhusu hilo. Wewe nawe fungua kompyuta leo umpigie picha nafasi za kadi, maana ya PCI haiingii kwenye PCI Express.

Hapo ndipo rimoti isiyo na waya inapokushawishi, na siwezi kukudanganya kwamba ni takataka. Zile za aina ya XHC WHB04B zina programu yake tayari ndani ya LinuxCNC, na kusoma namba mkononi ukiwa umeinama kwenye jiliwa ni raha. Ungekuwa na mashine ndefu ya kukata mbao, ambayo unaizunguka kwa hatua kumi, ningekwambia chukua hiyo. Kwa milingi ambayo mkono wako unafika kila kona, waya wa mita moja na nusu unakuzuia nini?

Tatizo langu na hiyo ni kitufe chake chekundu. Ukikibonyeza, rimoti inatuma ujumbe kwa redio, kipokezi kinaupeleka kwenye USB, kompyuta inausoma, halafu programu ndiyo inayoamua kusimamisha. Betri ikiwa imechoka, au kompyuta ikiwa imeganda, umebonyeza plastiki. Kitufe cha rimoti ya waya ni swichi halisi iliyofungika muda wote. Unaiunga kwa mfululizo na kitufe chako cha dharura cha sasa, kwenye waya uleule unaoshikilia kontakta, ile swichi kubwa ya umeme wa mota na spindo (kichwa kinachozungusha kikatio). Ukibonyeza, waya unakatika, kontakta inaachia, na hakuna kompyuta inayoombwa ruhusa. Ukija kununua isiyo na waya baadaye kwa sababu zako, sawa, lakini kile chekundu kihesabu kama kitufe cha kusitisha kazi tu, na cha dharura kibaki ukutani au kwenye mashine.

Kuna na mambo madogo. Rimoti hizo hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, palepale ilipo Wi-Fi. Watu hufungia kipokezi ndani ya kabati la chuma pamoja na inveta inayoongoza kasi ya spindo, kisha wanashangaa kwa nini kinapoteza mawasiliano kila spindo ikiwaka. Tena kitu kisicho na waya kinatembea. Nimeshaona kijana anakwenda kununua chai na rimoti iko mfukoni mwake.

Sasa hiyo ya waya, kaka aigeuze asome nyuma. Gurudumu hizi zipo za volti 5, za 12 na za 24, na kwa sura zinafanana kama mapacha. Wewe unataka ya 5, kwa sababu poti yako ni ya volti 5. Pia aangalie kama ni ya nyaya nne au ya nyaya sita. Ya nyaya nne ina umeme, hasi, na nyaya mbili za ishara ya gurudumu, A na B. Ya sita inaongeza A- na B-, yaani kila ishara inasafiri mara mbili, moja wima na nyingine kichwa chini, na upande wa pili kuna kipokezi, mathalani chipu ya 26LS32, kinachotazama tofauti kati ya hizo mbili. Kelele ya inveta ikizipiga zote kwa pamoja, tofauti haibadiliki, gurudumu linaendelea kusomeka vizuri. Chukua ya sita hata kama leo huna hiyo chipu. Unaweza kuanza kwa kutumia A+ na B+ peke yake. A- na B- zifunge kwa tepu kila moja peke yake, usizipeleke kwenye hasi, maana zile ni njia za kutolea ishara, na ukizigusisha hasi unaipiga shoti rimoti yako mwenyewe. Ukiona meza inajisogeza bila mtu kugusa gurudumu, hapo ndipo uifunge chipu.

Rangi za nyaya usiziamini. Kila kiwanda kina rangi zake, na karatasi iliyomo kwenye boksi mara nyingine ni ya rimoti nyingine kabisa. Chukua mita, zungusha swichi nafasi moja baada ya nyingine, andika kila waya unakwenda wapi. Ni kazi ya nusu saa. Hakikisha pia kwamba kitufe chekundu kina nyaya zake mbili zinazotoka mpaka mwisho wa kebo. Kipo kitufe kingine ubavuni, cha kushikilia kwa kidole ili gurudumu lifanye kazi. Kama rimoti ya picha haina hicho, kaka atafute nyingine. Bila hicho, mtu akiiangusha sakafuni na gurudumu likajizungusha, meza inakwenda.

Haya, umeshafunga. Sasa tuje kwenye jambo ambalo limevunja vikatio vingi kuliko waya mbovu.

Gurudumu lina alama 100 kwa mzunguko, na kila alama unaisikia kidoleni: tik. Kizidishi kimeandikwa X1, X10, X100, na desturi ni kwamba tik moja ni milimita 0.001, 0.01 na 0.1. LinuxCNC lakini huhesabu kila kupanda na kushuka kwa A na B, kwa hiyo tik moja kwake ni hesabu nne, na mzunguko mzima ni 400. Ukiandika 0.01 kwenye jog-scale, yaani umbali kwa kila hesabu moja, ukidhani ndiyo X10, tik moja itakupa 0.04. Gawa kwa nne: X10 andika 0.0025, X100 andika 0.025.

X1 ina kisa chake. Mota yako inapiga hatua 2,000 kwa mzunguko na skrubu inasogea milimita 5, kwa hiyo hatua moja ni milimita 0.0025. Mashine yako haina uwezo wa kusogea 0.001 hata ukiiomba kwa magoti. Ukiacha X1 ya desturi utapiga tik ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu ndiyo inasogea, kisha utaanza kulaumu rimoti. Mimi ningeifanya X1 iwe hatua moja halisi ya mota, 0.0025 kwa tik, kwa hiyo jog-scale ni 0.000625.

Pima kwa dayo geji, kile kipimo chenye sindano. Iweke iguse meza, X10, piga tik kumi kwa upande mmoja. Ikisoma 0.1, safi. Ikisoma 0.4, rudi kwenye kugawa kwa nne. Kisha geuza upande. Kwa skrubu za zamani kama zako utapiga tik kadhaa sindano ikiwa imetulia tuli, na huo ni mchezo wa skrubu na nati, rimoti haina kosa. Hata ukiweka fidia ya mchezo kwenye programu, zoea kukaribia kipimo kutoka upande mmoja kila mara.

Jambo lenyewe la kuvunja vikatio ni hili. LinuxCNC ina namna mbili za kufuata gurudumu. Ya kwanza inatunza umbali: kila tik uliyopiga itatekelezwa, hata kama mashine itachelewa. Ya pili inafuata mkono: ukiacha kuzungusha, mashine inasimama, na tik zilizobaki zinatupwa. Kama hujagusa kitu, uko kwenye ya kwanza.

Chukua kasi yako ya kusogeza ni milimita 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Uko X100, unazungusha mizunguko mitano kwa sekunde mbili, jambo la kawaida kabisa mtu akiwa na haraka. Umeagiza milimita 50. Mkono umeacha, mashine imekwenda 20 tu, na bado ina 30 za kutembea kwa sekunde tatu nzima huku wewe umeshageuka kuchukua karatasi. Mimi mwenyewe, karakana moja hapa Tabora, nilivunja kitafuta ukingo kipya cha mwenye mashine kwa namna hiyo. Nilisimama na gurudumu mkononi, silizungushi, na meza inakuja. Nilipokumbuka kile chekundu, tayari.

Dawa yake haina gharama. Ishara ya waya wa X100 kutoka kwenye kizidishi, ndani ya mipangilio ya LinuxCNC, ipeleke pia kwenye jog-vel-mode (inayowasha namna ya pili) ya kila mhimili. Ukiwa X100, mashine inafuata mkono na kusimama nao. Ukirudi X10 au X1, inatunza umbali, tik kwa tik, na hapo ndipo unapohitaji usahihi. Unapogusisha kikatio juu ya kazi, weka karatasi ya kawaida ya A4, ya gramu 80, ambayo unene wake ni kama milimita 0.1. Shuka kwa X10 huku unaichezesha karatasi kwa mkono wa pili mpaka ianze kukamatwa. Spindo iwe imezimwa, tafadhali.

Halafu umeme. Najua siku hizi si kama enzi za majenereta, lakini kukatika kupo, na kukikatika katikati ya kazi kikatio kinabaki kimezama kwenye chuma. Kompyuta ikiwaka tena, mashine haijui iko wapi na inataka kurudishwa nyumbani kwanza, yaani kwenda mahali pake pa kuanzia ili ijue sifuri iko wapi. Ukiiruhusu irudi hivyo, inaweza kukivuta kikatio ubavu. Unachotaka ni kuinua Z kwa gurudumu. Sasa, LinuxCNC za kuanzia toleo la 2.8 hutenganisha kusogeza kabla na baada ya kurudi nyumbani: axis.z.jog-counts, inayopokea hesabu za gurudumu kwa Z, hufanya kazi baada, na joint.2.jog-counts, ya Z hiyohiyo, hufanya kazi kabla. Watu wengi huunga ya kwanza tu, kisha siku ya kukatika umeme gurudumu linakuwa bubu. Unga zote mbili, kwa mihimili yote mitatu, pamoja na jog-enable, jog-scale na jog-vel-mode zake. Na ukisogeza kabla ya kurudi nyumbani nenda polepole, kwa sababu mipaka ya programu bado haijaamka. Zilizo macho ni limiti swichi zako tu.

Kebo ya rimoti usiipitishe pamoja na nyaya za mota wala za inveta. Kama ina wavu wa shaba ndani, uunge kwenye ardhi upande wa kabati peke yake. Nyuma ya rimoti utakuta sumaku ya kuibandikia kwenye mashine. Ing'oe. Inakusanya chenga za chuma kama nywele, na siku utakayoibandika kwenye meza zitaichora. Piga msumari ubavuni mwa kabati, uning'inize rimoti hapo, juu ya kimo cha watoto wanaopita karakanani.