Wasomaji Wauliza: Thuluthi Moja ya Wanawake Bungeni Imekwama Wapi?

SWALI: Mhariri, nimekuwa nikibishana na mjomba wangu anayeshikilia kwamba wanawake wa Kenya waliingizwa Bungeni kwa hisani ya Katiba ya 2010, na kwamba kabla ya hapo hawakuwa na habari na siasa. Ni nani hasa waliotangulia? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Mfikishie mjomba wako salamu zangu, kisha umwombe aanzie hapo hapo mjini mnapoishi. Grace Onyango, mwanamke aliyekuwa mwalimu, alishika umeya wa Kisumu mwaka 1965, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Kenya kuvaa joho hilo, na mwaka 1969 wapiga kura wa Kisumu Mjini wakamtuma Bungeni. Hakupewa kiti maalum wala hakuteuliwa na mtu. Alisimama jukwaani, akaomba kura na akazipata, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini, na alikitumikia kiti hicho hadi 1983.

Hata yeye alikuwa na waliomtangulia. Jemimah Gecaga aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, wakati wa ukoloni, na Priscilla Abwao akafuata mwaka 1961. Bi. Abwao alikuwa pia miongoni mwa wajumbe waliokwenda London mwaka 1962 kwenye mazungumzo ya katiba ya Lancaster House. Naomba utue hapo kidogo, kwa sababu jambo hili huniuma kila nikilikumbuka: mwanamke aliketi kwenye meza ambapo taifa jipya lilikuwa likiandikiwa sheria yake kuu, lakini Bunge la kwanza la uhuru lilipokutana mwaka 1963, halikuwa na mwanamke hata mmoja. Walihitajika mezani wakati wa kudai, wakasahauliwa wakati wa kugawana.

Uchaguzi wa 1974 uliwaleta Nyiva Mwendwa, Julia Ojiambo na Chelagat Mutai. Bi. Mutai aliingia akiwa bado katika miaka yake ya ishirini, akasema waziwazi yale ambayo wanaume wengi wa rika la baba yake walikuwa wakiyanong'ona, na mwaka 1976 akafungwa jela miaka miwili na nusu kwa shtaka la uchochezi. Alipotoka alirudi kwa wapiga kura wake, nao wakamchagua tena mwaka 1979. Mwaka huo huo Phoebe Asiyo alishinda Karachuonyo, na ndiye aliyewasilisha Bungeni, mwaka 1997, hoja ya kutaka hatua maalum za kuongeza idadi ya wanawake katika uongozi. Hoja hiyo ilikataliwa. Kwa hiyo mjomba wako ameigeuza historia kichwa chini: kilichoandikwa katika Katiba ya 2010 kilikuwa kimedaiwa kwa miaka mingi na wanawake waliokuwa tayari wamekwisha kupigiwa kura.

SWALI: Katiba inasema watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika taasisi za kuchaguliwa. Miaka imepita na Bunge la Kitaifa halijawahi kufikia kiwango hicho. Tatizo ni sheria, ni mahakama au ni sisi wapiga kura? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Swali lako linahitaji hesabu kabla ya hoja. Vifungu 27(8) na 81(b) vinaweka kanuni ya thuluthi mbili. Kwa mabunge ya kaunti, Kifungu 177 kinaeleza namna ya kuitimiza: uchaguzi wa wadi ukishamalizika, viti vya nyongeza hugawiwa vyama hadi kiwango kifikiwe. Kwa Bunge la Kitaifa, Katiba ilitoa ahadi ile ile bila kuonyesha njia. Kifungu 97 kinataja wabunge 290 wa maeneo bunge, wanawake 47 wanaochaguliwa mmoja kwa kila kaunti (ndio wawakilishi wa wanawake), na wateule 12 wanaopendekezwa na vyama. Mwaka 2013 maeneo bunge yaliyochagua wanawake yalikuwa 16, mwaka 2017 yakawa 23, na mwaka 2022 yakawa 29. Ukijumlisha hao 29 na wale 47 unapata 76. Hata ukiwagawa wateule nusu kwa nusu, unafika 82, ilhali thuluthi moja ya wabunge 349 haipungui 117.

Mahakama ya Juu iliulizwa maoni yake mapema, na Desemba 2012 ikasema kanuni hii itatekelezwa hatua kwa hatua, mradi Bunge litunge sheria ya kuiwezesha kabla ya tarehe 27 Agosti 2015. Siku ilipokaribia, wabunge walijiongezea mwaka mmoja. Aprili 2016 mswada wa kurekebisha Katiba ulipigiwa kura. Zilihitajika kura 233, zikapatikana 195. Wiki moja baadaye ulirudishwa ukapata 178. Februari 2019 mswada mwingine wa lengo hilo hilo ukapata 174, baada ya upigaji kura kuahirishwa miezi michache nyuma kwa sababu wabunge waliokuwa ukumbini hawakutosha. Zipange namba hizo: 195, 178, 174. Kadiri hoja ilivyoelezwa ndivyo ilivyopoteza watu, na wengi wa waliokosekana hawakupinga kwa sauti, bali walikaa nje ya ukumbi. Mbunge anayepinga kwa kusimama anaweza kujibiwa. Anayepinga kwa kutoonekana hana wa kumjibu.

Mahakama Kuu nayo iliamuru Bunge litunge sheria, muda ukapita, na tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Ushauri huo ulisimamishwa kortini, na Bunge likamaliza muhula wake.

Hoja inayotajwa sana na wapinzani ni gharama: kwamba viti vya nyongeza vitaongeza mishahara na marupurupu juu ya mgongo wa mlipa kodi. Ni hoja inayostahili jibu, nami nalitoa bila kusita. Viti vya nyongeza huhesabiwa baada ya uchaguzi, kwa kufidia pengo lililobaki, hivyo kila chama kinachompa mwanamke tiketi mahali kinapoweza kushinda kinapunguza nyongeza hiyo kwa kiti kimoja. Vyama vikitenda haki kwenye mchujo wa kuteua wagombea wao, gharama inakaribia sufuri. Ndiyo maana siwatupii lawama wapiga kura kwanza. Mpiga kura huchagua kati ya majina aliyoletewa, na majina hayo hupikwa jikoni mwa chama.

SWALI: Je, ni kweli kuna mbunge aliyewahi kufukuzwa kwa sababu ya mtoto? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni kweli. Agosti 2019 Zuleikha Hassan, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia ukumbini akiwa amempakata mtoto wake wa miezi mitano, akaamriwa atoke kwa kuwa kanuni haziruhusu mgeni kuketi humo. Kwa mujibu wa kanuni, mtoto anayenyonya alikuwa mgeni. Kwangu, neno hilo moja linaonyesha ukumbi uliandaliwa kwa ajili ya nani.

SWALI: Ninataka kuwania ubunge wa eneo bunge letu mwaka 2027. Wazee wa chama wananiambia nisubiri kiti cha mwakilishi wa wanawake, kwa sababu hicho ndicho "chetu". Nifanye nini? – Msomaji, Machakos

JIBU: Dada yangu, usikubali kuonyeshwa mahali pa kukaa na watu ambao na wao wanawania viti. Viti 47 vilitengwa ili wanawake waongezeke juu ya wale watakaoshinda kwingineko, na anayevitumia kuwazuia wanawake wasiguse vile 290 anaigeuza ngazi kuwa ua. Sikidharau kiti hicho. Gladys Wanga alikianzia Homa Bay na Kawira Mwangaza akakianzia Meru, na mwaka 2022 wote wawili walichaguliwa magavana, wakiwa miongoni mwa wanawake saba walioshinda ugavana mwaka huo. Lakini ni kazi nyingine kabisa. Mwakilishi wa wanawake wa Nairobi huomba kura katika maeneo bunge 17, na wa Kakamega katika 12, ilhali mbunge wa kawaida huomba katika moja tu na ndiye mwenye hazina ya maendeleo ya eneo bunge ambayo wananchi huijua kwa madarasa na karo. Unayepewa uwanja mpana na mfuko mdogo hujafanyiwa hisani.

Basi dai mchujo. Dai kwa maandishi, uweke nakala, na uulize mapema chama kitatumia njia gani: kura ya wanachama, kikao cha wajumbe au maafikiano. Neno "maafikiano" likitajwa, uliza ni nani watakaoafikiana na kama wewe umo chumbani. Ukidhulumiwa, anza na kamati ya mizozo ya chama chenyewe, kisha uende kwenye Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa. Na ukiona mlango umefungwa kabisa, Katiba inakuruhusu kusimama ukiwa mgombea huru kwa sahihi za wapiga kura wasiopungua 1,000 walioandikishwa katika eneo bunge lako, mradi usiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, kwa hiyo barua yako ya kujiondoa chamani iwe imepokewa na kugongwa muhuri kabla ya tarehe 10 Mei.