Mshika injini mgeni: magugu maji na ule uzi wa maji

Ukianza kushika injini kwenye mitumbwi ya Igombe au Kayenze, kule Mwanza, kitakachokuharibia mashine si mwendo, ni magugu maji. Injini ya boti inapozwa na maji ya ziwa. Yanaingia kwenye matundu ya pembeni mwa mguu wake, juu kidogo ya propela, yanasukumwa na pampu ya mpira, na kiasi hutoka nyuma kama uzi mwembamba. Utazame uzi huo kila baada ya dakika chache. Ukiwa na nguvu na maji ni vuguvugu, endelea. Ukikonda, ukikatika au ukitoa mvuke, zima hapo hapo.

Ukikuta magugu yamefunga njia, angalia upepo. Upande unakotoka upepo ndiko kwenye mwanya mara nyingi, kwa hiyo zunguka huko hata kama njia ni ndefu. Pakikosekana mwanya, zima, inua mguu wa injini, uvuke kwa pondo. Wapo wanaoongeza moto ili wapasue. Wanachopasua ni pampu.

Majani yakishanasa, rudisha gia nyutro, zima, chomoa ile kamba ya kuzimia dharura, ndipo uinue mguu. Kabla ya hapo mkono usisogelee propela. Ng'oa mizizi yote kwenye matundu, maana ile myeusi kama nywele ndiyo inayoziba. Ukiwasha tena na uzi hautoki, chokoa tundu lake kwa waya mwembamba. Bado? Basi ni mpira wa pampu, piga kasia. Na usiwashe mashine nchi kavu eti unaijaribu: mpira huo bila maji huungua upesi sana.

Mafuta hayana maneno mengi. Injini nyingi za mipigo miwili zilizokwisha zoea kazi hutaka nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli. Mpya huanza na zaidi, fuata kitabu chake. Fungua kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi. Ukisahau, pampu ya mkono ya kwenye mpira wa mafuta itanywea na injini itazimika katikati ya maji, tangi likiwa limejaa.

Nyuzi za timba, zile nyavu za uzi wa plastiki, ni mbaya kuliko magugu. Hujisokota nyuma ya propela na kukata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia. Fungua skrubu ya chini ya gia, tone moja kidoleni: oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia, na safari ya kesho haipo.