Wiki ya mwisho ya Septemba Minneapolis

Dada, umeuliza kama wiki ya mwisho ya Septemba huko Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, ni baridi ya makoti mazito. Bado. Kwa kawaida mchana hufika nyuzi 20 hivi za Selsiasi, usiku hushuka hadi 10 au 11. Kinachowashika wageni ni kugeuka kwa upepo: leo unatoka kusini na joto linapita 25, kesho unavuma kutoka kaskazini magharibi, hewa ya Kanada inaingia, na ndani ya saa chache fulana haitoshi tena. Ukisikia utabiri unasema upepo utageuka jioni, toka na koti jepesi asubuhi hata kama jua linawaka.

Mkienda Duluth, mji wa kaskazini kando ya Ziwa Superior, ongezeni sweta. Upepo ukitokea ziwani, mchana ufukweni huweza kuwa baridi kuliko mtaa wa juu mlimani. Ila majani ya huko kaskazini ndiyo wakati wake wa kubadilika rangi. Ya mjini kwenu mpaka Oktoba.

Na kabustani kako: jalidi ya kwanza (baridi ya kugandisha inayoua mimea laini) mjini mara nyingi huja Oktoba. Mchicha na nyanya vuna mapema. Sukuma wiki iache tu, hiyo haitishiki.