Mwanangu hutokea mlango wa uani wageni wakija

SWALI: Mwanangu mshauri, mimi ni mama wa watoto wanne, nauza vitumbua Kihonda, Morogoro. Kifungua mimba wangu alimaliza chuo kikuu mwaka 2019, shahada ya ualimu, Historia na Kiswahili. Tangu hapo yuko nyumbani. Ameomba kazi hadi amechoka. Siku hizi usiku halali, anaamka saa saba mchana, na mgeni akibisha hodi yeye anatokea mlango wa uani. Baba yake kila tukila anasema, “Ada yangu nimeitupa mtoni.” Majirani wanasema karogwa. Sasa kuna mtu anadai nikimpa milioni mbili atampatia ajira serikalini. Nina kiwanja kimoja. Niuze?

JIBU: Shikamoo mama. Kiwanja usiuze. Nafasi nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, maombi hupitia mfumo wao wa mtandaoni bila malipo, na watu huitwa kwenye usaili. Mtu huyo akirudi, wapigieni TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba 113, simu ni ya bure. Nimeanza na hilo kwa sababu hela ikishatoka mkononi hairudi.

Sasa tuje kwa kijana, ndiko moyo wangu uliko.

Mdogo wangu wa kiume alikaa miaka mitatu bila kazi baada ya chuo cha kilimo. Kila asubuhi saa moja alitoka, shati limenyooshwa, bahasha ya kaki kwapani. Sote tulijua anazunguka maofisini. Siku moja nilipita Posta kwa shughuli zangu nikamkuta kaketi kwenye benchi, bahasha mapajani. Pembe za ile bahasha zilikuwa zimechanika, kazibandika selotepu, na selotepu nayo imekuwa nyeusi kwa vidole. Hakuwa na pa kwenda. Alitoka tu ili majirani wasimwone nyumbani. Akaniambia, “Dada, kukosa kazi nimeshazoea. Hili la kuamka bila sababu ndilo linanimaliza.”

Maneno yale niliyakumbuka miaka mingi baadaye, niliposoma habari za Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa karibu na mwaka 1930, na nyumba nyingi zikabaki bila hata mtu mmoja mwenye kazi. Watafiti, Marie Jahoda akiwa mmoja wao, walikwenda kuwaangalia kwa karibu, wakawapima hata mwendo wao barabarani. Wanaume walitembea polepole, wakisimamasimama njiani, na wakiulizwa siku imepitaje walikuwa na machache ya kusema. Vitabu vya maktaba vikapungua kuazimwa, ingawa muda wa kusoma walikuwa nao tele. Wake zao, ambao bado walikuwa na kupika, kufua na kulea, walikwenda haraka zaidi. Kwa hiyo mwanao hajarogwa, mama. Siku yake haina kichwa wala miguu, ndiyo maana usiku wake umegeuka mchana.

Na mzee naomba umsomee hapa. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70. Vijana zaidi ya 10,000 wakajaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili. Machi 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilikuwa na nafasi 1,596, na walioomba walizidi 100,000. Baba, huo si uvivu wa mwanao. Ada yako imo kichwani mwake, haijaenda mtoni. Na hasara hii haiishii kwenu: shule zina upungufu wa walimu, na mwalimu amelala hadi saa saba. Bodi ya Mikopo hairudishiwi hela ya kumkopesha mwingine. Binti wa watu anangoja posa. Wengine wanakesha wakipanga mikeka ya kubeti, kutafuta kwenye mechi za Ulaya mshahara walioukosa hapa. Linaniuma sana jambo hili.

Mpe kazi yenye saa yake, isiwe ya kutumwa dukani kama mtoto. Ashike daftari la vitumbua: mchele, mafuta, mkaa, nani kakopa. Alfajiri ukiwasha jiko, naye awepo. Jioni afundishe tuisheni ya Kiswahili kwa watoto wa mtaani, hata kwa hela kidogo. Aulize shule za karibu kama zinapokea walimu wa kujitolea, ila aweke kikomo. Mihula miwili, aondoke na barua ya mkuu wa shule. Wengi wananyonywa hapo miaka. Akipata wenzake wa kuaminiana, waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vikundi vya vijana. Na maombi ya ajira aendelee kuyatuma.

Akianza kusema heri asingezaliwa, au akiacha kula, msingoje hata siku moja. Mpelekeni hospitali ya mkoa, mwombe kumwona mtaalamu wa afya ya akili.

Na mgeni akibisha hodi tena, mwite mwanao kwa jina kabla hajaufikia mlango wa uani. Mwambie mgeni: huyu ndiye anayeshika daftari langu.