Maziwa ya mbuzi kwa mtoto wa miezi minne?

SWALI: Nawasalimu kutoka Pongwe, Tanga. Mjukuu wangu ana miezi minne na mama yake amerudi kazini. Jirani anasema maziwa ya mbuzi ni mepesi, yanakaribiana na ya mama. Nikiyachanganya na maji nusu kwa nusu, nimpe? – Bibi, Pongwe

JIBU: Shikamoo bibi. Usimpe, wala usiyaongeze maji.

Jirani hakukosea kabisa. Matone ya mafuta ya mbuzi ni madogo kuliko ya ng'ombe, malai yake huchelewa kupanda juu, na yana mafuta mengi zaidi kidogo ya mnyororo mfupi na wa kati, yaani yenye chembe fupi, yanayosagika upesi. Hata kiasi kinalingana: katika mililita 100, maziwa ya mama yana mafuta gramu 3.5 hadi 4.5, ya ng'ombe na ya mbuzi karibu gramu 4.

Tofauti iko kwenye aina na mpangilio. Asidi ya linoleiki, aina ya mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, hufikia asilimia 10 na zaidi ya mafuta ya mama. Kwa wanyama hao ni asilimia 2 au 3 tu. DHA, mafuta mengine yanayojenga ubongo na macho, mtoto huipata kwa mama, hasa mama akila samaki, na Tanga hapakosi dagaa na vibua. Halafu kuna asidi ya palmitiki, nayo ni aina ya mafuta. Katika maziwa ya mama nyingi imekaa katikati ya kila chembe ya mafuta, hivyo hufyonzwa vizuri. Kwa wanyama, nyingi iko pembeni. Ikikatwa wakati wa kusagwa tumboni hushikana na madini ya kalisi, choo kikawa kigumu na mafuta yakapotea humo.

Ukiongeza maji nusu kwa nusu, mafuta yanashuka hadi gramu 2: tumbo linajaa, uzito hauongezeki. Usipoongeza, protini ni zaidi ya mara tatu ya ile ya mama, mzigo kwa figo changa. Maziwa ya mbuzi pia yana foleti kidogo mno. Watoto waliolelewa kwa hayo pekee huishiwa damu.

Mama akamue kabla ya kwenda kazini na akiwa huko. Chombo kiwe safi chenye mfuniko. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa mezani hadi saa nne, lakini hiyo ni kwa chumba kisichozidi nyuzi 25, kwa hiyo kwa joto la Tanga yaende moja kwa moja kwenye friji. Humo hukaa hadi siku nne. Kabla ya kumpa, tumbukiza chombo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, ukizungushe taratibu ili mafuta yaliyoganda ukutani yarudi. Usiyachemshe, maana utaua kimeng'enya kinachomsaidia mtoto kusaga mafuta hayo. Mnyweshe kwa kikombe, si chupa. Yasipotosha, nendeni kliniki muulize kuhusu maziwa ya kopo ya watoto wachanga.

Yakitoka friji yananuka kama sabuni, usishtuke: ni kimeng'enya hicho kimeanza kuvunja mafuta. Yakichacha ndiyo umwage.