Kabla hujaandika "tashihisi" kwenye insha ya Jack London

Nyie mlioanza fasihi mwaka huu na mmepangiwa hadithi fupi za nyikani za Jack London, mwandishi wa Marekani, nianze na aibu yangu. Insha yangu ya kwanza kuhusu "To Build a Fire" ilikuwa na dhamira tatu na tamathali (mbinu za lugha) saba, ikiwemo tashihisi, yaani kukipa kisicho mtu sifa za mtu, kila moja na mfano wake, kama orodha ya mahitaji ya harusi. Mwalimu aliandika neno lilelile pembeni kwa kalamu nyekundu, mara saba: "Halafu?"

Chukueni baridi. Mimi niliandika "mandhari ni ya baridi kali" nikasonga mbele. London hakuishia hapo. Mhusika, mtu anayesafiri kwa miguu nyikani, anatema mate, yanapasuka hewani kabla hayajagusa theluji. Yeye anakisia ni nyuzi 50 chini ya sifuri, na namba hiyo haimwambii kitu zaidi ya kwamba leo kuna usumbufu. Msimulizi anatunong'oneza sisi wasomaji: ni 75, kwa Farenihaiti, yaani karibu 59 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Mbwa anayemfuata hajui kipimajoto ni nini, lakini anajua hii si siku ya safari. Kinaya, yaani mambo kuwa kinyume na unavyotarajia, kimekaa hapo, kati ya mwenye namba na mwenye silika. Sisi wa Dar, ambao baridi yetu ni ya alfajiri ya Julai, tunauruka ukurasa ule kwa urahisi sana.

Mkiweza, tafuteni matoleo yote mawili ya hadithi hiyo. Katika lile la 1902 mhusika ana jina, Tom Vincent, hana mbwa, na anapona. Katika lile la 1908 jina limeondolewa, mbwa ameingizwa, mtu anakufa. Ukijiuliza kwa nini mwandishi alimnyang'anya mtu wake jina, tayari una aya mbili za dhamira bila kufungua daftari la istilahi.

Maisha ya mwandishi yasiwamalizie karatasi. Alikwenda Klondike, eneo la dhahabu huko Kanada, mwaka 1897 akiwa na miaka 21, akarudi na kiseyeye badala ya utajiri. Sentensi moja inatosha.

Kilichoniokoa mimi ni kusoma hadithi mbili kwa pamoja. Katika "The Law of Life" ya 1901, mzee Koskoosh, kipofu, ameachwa na kabila lake kwenye theluji na kifurushi cha kuni. Kisengere nyuma, yaani masimulizi kurudi kwenye yaliyopita, kinamrudisha utotoni, alipofuata nyayo za mnyama mzee aliyezingirwa na mbwamwitu. Unadhani ni kumbukumbu tu, kumbe ndiyo taarifa ya kifo chake mwenyewe. Mbwamwitu wanapomzunguka, anawapungia kijinga cha moto, kisha anakiacha kidondoke kwenye theluji.

Sasa linganisheni. Yule wa "To Build a Fire" aliwasha moto chini ya msonobari, na kila kijiti alichovuta kiliutikisa mti kidogo, hadi theluji ya matawini ikamwagika na kuuzima. Moto mmoja umezimwa na ujinga wa anayeutaka, mwingine umezimwa na mkono wa asiyeuhitaji tena. Insha yangu ya pili niliianzia hapo, na zile "Halafu?" zikabaki mbili.