Jibu: Kumwandikia mbunge kuhusu Mswada wa Fedha kunasaidia?

Ndugu, umeuliza kama mbunge hapa Kenya hubadili msimamo kuhusu Mswada wa Fedha, ule wa kodi za kila mwaka, kwa sababu ya ujumbe wa wapiga kura. Wengine hawabadiliki ng'o. Juni 2024 simu za wabunge zilifurika jumbe, na bado 195 waliupitisha mswada dhidi ya 106. Lakini kumbuka kodi ya asilimia 16 iliyopendekezwa kwenye mkate ilikuwa imeshaondolewa kabla ya kura hiyo, na siku iliyofuata Rais alikataa kutia saini. Maandamano ya barabarani yalichangia sana, sikatai.

Kwa hiyo usimwandikie "kataa mswada" tu. Taja kifungu, eleza kitakavyomuumiza mwenye kibanda au bodaboda wa eneo bunge lenu, kisha muulize atapigaje kura. Barua ya kikundi chenye majina na saini, ikapelekwa ofisini na nakala yenu ikapigwa muhuri, ni ngumu kuitupa. Maoni hayohayo yapelekeni pia kwa Kamati ya Fedha ya Bunge inapoyaita. Huko ndiko vifungu hurekebishwa, lakini wengi hungoja hadi siku ya kura (wakati huo chama kimeshampa mbunge maagizo). Kifungu cha 119 cha Katiba nacho kinakupa haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, hata mbunge wako akikuzimia simu.